Newala hadi bondeni Ruvuma kwa miguu, peke yangu, mwezi wa pili: matope nitayakuta wapi?

MtuWaMikindani

Wakuu habari za humu. Naomba msaada hasa kwa mliozaliwa Newala, Kitangari, Tandahimba na upande ule wa ukingoni.

Mimi ni mtu wa pwani, Mikindani. Milima sikuwa na habari nayo mpaka nilipopelekwa kusoma Sheffield, Uingereza. Kule jirani yangu wa bwenini, mzee wa makamo aliyerudi chuo baada ya kuachishwa kazi, akanionyesha treni ya kwenda Edale. Ni nusu saa na dakika kidogo, unashushwa kwenye kituo kisichokuwa na kitu, unavuka barabara unaanza kupanda. Juu kuna uwanda unaitwa Kinder Scout. Kimo chake mita 636. Nilipoiona hiyo namba nilicheka, maana Newala mjini iko juu zaidi na watu wanaendesha baiskeli na magunia ya korosho.

Kicheko kiliisha nilipofika juu. Uwanda wote ni tope jeusi. Wenyewe wanasema ni mimea iliyokufa ikakosa kuoza, kwa sababu maji yamejaa mwaka mzima na baridi haiachi kitu kioze, basi imejilundika kwa maelfu ya miaka, sehemu nyingine kina chake ni mita kadhaa. Ukikanyaga palipo salama ardhi inatikisika kama godoro lililoloana. Ukikanyaga pasipo salama unazama hadi gotini. Halafu mvua imechimba mifereji humo ndani, mingine inakupita kimo, kwa hiyo unashuka mmoja, unapanda ukuta wa tope, unateleza, unakuta mwingine. Ukungu ukiingia unabaki na dira yako na pumzi zako.

Nilipenda sana. Sijui nieleze vipi. Wenyeji wanakwenda mmoja mmoja, mtu na mkate wake na chupa ya chai, ameacha karatasi nyumbani ya kusema anapita wapi na saa ngapi waanze kumtafuta. Mnapishana huko juu mnasalimiana neno moja, basi. Na hawakuipata bure hiyo haki. Tarehe 24 Aprili 1932 vijana wa viwandani, wengi kutoka Manchester, walipanda Kinder kwa mamia bila ruhusa, kwa sababu wenye ardhi walikuwa wameifunga kwa ajili ya kuwinda ndege. Watano walifungwa jela. Sheria ya kuruhusu watu kutembea maeneo ya wazi namna ile ilikuja mwaka 2000. Ukijua habari hiyo hata tope unalikanyaga kwa heshima.

Sasa nimerudi, niko Mtwara mjini, likizo yangu inaangukia mwezi wa pili. Nataka siku moja ya namna ile huku kwetu. Mpango: nilale Newala, alfajiri niende Shimo la Mungu, pale ukingoni pa kutazamia bonde, nishuke ule ukingo, nivuke bonde kuelekea mto Ruvuma hadi jua liwe kichwani, nigeuze, nipande tena nilale Newala. Peke yangu. Ninazo dira, buti za kule Uingereza, koti la mvua. Muda napiga kwa kanuni ya William Naismith wa Scotland, ya mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita tano, na saa moja ya ziada kwa kila mita 600 unazopanda.

Maswali: huko juu matope ya masika yakoje, dira itanisaidia kuyazunguka? Maji ya kunywa nitayapata njiani au nibebe? Na kwenda peke yangu kuna ubaya gani?

Tafadhali msiniambie niende na gari.

BintiKitangari

Njomba, nimecheka peke yangu jikoni mpaka watoto wakaja kuniuliza.

Matope juu? Juu hakuna matope kwa sababu juu hakuna maji! Bibi yangu mzaa mama alikuwa anatoka kabla jogoo hajawika, anashuka bondeni na mtungi, anapanga foleni kisimani, anapanda nao kichwani, anafika nyumbani jua limeshakuwa kali. Kila siku ya kiangazi. Masika walikinga ya paa. Hadi leo nyumba ya mtu mwenye uwezo Newala utaitambua kwa lile tangi la simenti pembeni, sofa baadaye. Wewe unataka kushuka ule mteremko na kuupanda siku hiyo hiyo kwa raha zako, na hubebi hata ndoo. Bibi angekuuliza umekosa nini.

Lakini nenda, ni kuzuri. Ila usitoke alfajiri sana kwenda Shimo la Mungu. Masika asubuhi bonde lote limefunikwa ukungu, utaona weupe mtupu. Subiri jua lipande kidogo ndipo Msumbiji inajifunua.

MtuWaMikindani

Dada, nimekuelewa kuhusu ndoo, nimeona aibu kidogo. Lakini inakuwaje mvua inyeshe miezi yote ile, Desemba mpaka Aprili, halafu juu kusiwe na maji?

MstaafuVisima

Kijana wa Mikindani, salamu. Nimefanya kazi ya maji upande huo mpaka nimestaafu, na mengi ya makorongo yale nimeyashuka kwa miguu nikiwa na mabomba begani. Soma taratibu, mimi siandiki mara mbili.

Uelewe kwanza ardhi yenyewe. Kutoka kwenu pwani inapanda polepole, ukiwa kwenye basi huhisi kitu: Nanyamba, Tandahimba, mikorosho kushoto, mikorosho kulia, mpaka Newala. Hapo umefika juu na ardhi inakatika. Uwanda wote huo ni mchanga, na chini ya mchanga ni mawe ya mchanga. Mvua hata ikishuka ya kutisha, baada ya muda mfupi unatembea viatu vikavu. Maji yamezama. Yanakwenda chini kwa chini mpaka yakutane na tabaka lisilopitisha, yanalifuata hilo, yanajitokeza huko miguuni mwa ukingo. Ndiyo maana vyanzo vyetu viko mabondeni, Mitema kule Kitangari, na Mkunya, na maji yanasukumwa kwa pampu kupanda kwa watu. Kazi ya kuyasukuma ilianza miaka ya 1950, Mwingereza akiwepo. Mjerumani Karl Weule, aliyekuja Newala mwaka 1906, aliandika kwa mshangao kwamba watu wamejenga juu, mbali na maji, na wanayafuata chini. Wazee wetu hawakuwa wajinga. Zama za vita na za kukamata watumwa, kichaka cha juu kilikuwa kinga, na anayetaka kukuvamia alikuja na kiu.

Kwa hiyo huyo Kinder wako ameshika maji kichwani. Wa kwetu ameyamwaga miguuni. Mpango wako wote ugeuze.

Kule ulipanda asubuhi ukiwa na nguvu, ukashuka jioni ukiwa umechoka. Hapa utashuka asubuhi, unajisifu, magoti yanacheka, halafu saa nane mchana mwezi wa pili, na joto la bondeni ambalo halina hata upepo wa bahari uliouzoea, unaukuta ukingo umesimama mbele yako. Hiyo saa moja ya ziada ya huyo mzungu wa Scotland utaidaiwa mwisho wa siku, wakati huna kitu mfukoni. Na yeye alipiga hesabu akiwa kwenye baridi. Ongeza nusu yake tena.

Maji: beba lita nne, wala usinibishie. Mbili umalize chini, mbili ziwe za kupandia, na hizo za kupandia usiziguse hata kama bondeni umezungukwa na maji pande zote. Nitakuja kwenye sababu.

Dira: iache, au ibebe kwa mapenzi yako. Juu huwezi kukata moja kwa moja kufuata sindano. Palipo na vichaka vya asili ni vizito, mtu hapenyi bila panga. Palipobaki ni mashamba ya korosho ya watu. Unafuata njia za miguu, na njia zile kwenye mikorosho zinagawanyika kila baada ya hatua chache na zote zinafanana. Dira itakwambia kusini ni wapi, na kusini kila mtu anakuona: ni kule ardhi inakokatika. Itakachoshindwa kukwambia ni njia ipi inafika chini na ipi inaishia kwenye shamba la mtu na mbwa wake. Hilo ataliweza mama anayepalilia. Simama, salimia vizuri, uliza. Mkorosho ni mali ya mtu hata kama hakuna ua, lakini sijaona anayemkataza mpita njia aliyesalimia.

Sasa matope yako unayoyapenda. Yako chini, na ni ya kabila jingine. Ukishamaliza mteremko na mashamba ya mchanga ya miguuni, unaingia kwenye udongo mweusi wa mbuga. Kiangazi una nyufa za kuingia mkono. Masika unavimba, unafunga zile nyufa, maji yanakaa juu. Huzami sana ndani yake kama ulivyozama huko kwako. Wenyewe ndio unakupanda. Hatua ya kwanza unabeba tope, ya pili unabeba na la kwanza, ya kumi una kilo mbili kila mguu. Hizo buti za Uingereza zitakuwa nzito mpaka ukasirike. Gambuti nazo zinabaki nyuma, mguu unatoka mtupu. Wenyeji wanapita peku au na yeboyebo za plastiki, wanakung'uta wanaendelea. Wewe nyayo zako ni za ofisini, utajikata. Vaa raba kuukuu yenye soli nyembamba isiyo na meno mengi, kaza kamba, usivae unayoipenda.

Pita kwenye kingo za majaruba ya mpunga, na uziheshimu, mtu amezijenga kwa jembe. Fuata alama za baiskeli. Baiskeli haipiti pasipopitika. Fimbo iwe mkononi, ya kuchomeka mbele na ya kutikisa nyasi, kuna kifutu, na kifutu hakimbii mtu. Maji yaliyotuama usiyavuke kwa miguu kama kuna njia ya kuzunguka, na usiyanywe. Kichocho kiko humo, na hakitakuuma siku hiyo hata ukumbuke ulikipata wapi. Ndiyo sababu ya zile lita nne.

Ukianza kuona matete yamekuwa marefu kuliko wewe, umefika. Simama hapo. Nyuma ya matete ni viboko na mamba, na hakuna tuzo ya kugusa maji ya Ruvuma. Masika mto unapanua kitanda chake, ukingo wa jana leo uko majini.

La peke yako. Tembo wanaingia mashambani mahindi yakianza kukomaa, na msimu wako ndio huo. Wenyeji wanajua asubuhi hiyo wamelala upande gani, kwa hiyo unauliza kila kijiji, hauulizi mara moja. Pili, wewe ni mgeni, mwanamume, peke yako, na ramani mkononi, unaelekea mpakani. Tangu mashambulizi ya wanamgambo wa Cabo Delgado, ng'ambo Msumbiji, yaanze mwaka 2017 watu wa bonde wako macho, na lile la kijiji cha Kitaya, upande wetu, Oktoba 2020 hawajalisahau. Ukifika kijiji cha kwanza nenda ofisi ya mtendaji, au kwa mwenyekiti nyumbani kwake. Toa kitambulisho kabla hujaombwa, sema unatokea wapi, unapita wapi, unarudi saa ngapi. Ile karatasi ya Uingereza ya kuacha nyumbani, ndiyo hiyo hiyo, ila hapa unamwachia mtu. Na usishangae akikupa kijana wa kukusindikiza. Usimkatae mbele ya watu.

BodaStendiNewala

Mzee kamaliza yote, mimi naongeza moja kubwa ambayo hakuna anayewaambia wageni. Ukifika ukingoni pale na ukishuka, simu inashika mtandao wa Msumbiji. Na ikishika, saa inarudi nyuma yenyewe, maana wenzetu wako saa moja nyuma yetu. Unaangalia simu inakwambia saa tisa kumbe huku ni saa kumi. Kuna abiria niliyekubaliana naye nimfuate chini saa kumi jioni, nimekaa hapo saa nzima, anakuja anatabasamu, ananionyesha simu yake kwamba amewahi. Kwa hiyo zima ile saa ya kujirekebisha yenyewe na uchague laini kwa mkono kabla hujatoka gesti. Au vaa saa ya mkononi.

Na ile mvua ya jioni ikinyesha, pikipiki haipandi sehemu zenye udongo mwekundu kwenye mteremko, tunasukuma. Usitegemee kuniita saa kumi na mbili.

MtuWaMikindani

Hii ya saa imenishtua kuliko mamba. Hesabu zangu zote za Naismith zilikuwa zinasoma simu. Kule Kinder mwezi wa kumi na mbili jua linazama kabla ya saa kumi jioni, nilikuwa na nidhamu ya kuangalia saa kila baada ya muda. Huku nilijiona tajiri wa mwanga, saa kumi na mbili na nusu bado kweupe.

Mzee Visima, nakushukuru sana, shikamoo. Nina swali moja limebaki, na si la ubishi. Nikipewa kijana wa kunisindikiza, safari yenyewe si imekwisha? Nilichokipenda kule ni kwamba siku nzima hakuna anayeniongelesha. Nikiwa Mtwara simu inaita kuanzia asubuhi, nyumbani nina wageni, msikitini nina watu. Nilitaka siku moja ya kusikia viatu vyangu tu.

BintiKitangari

Njomba, kijana wa Newala wa kukusindikiza ataongea maneno matatu kutoka asubuhi hadi jioni, na mawili yatakuwa "pita huku". Wasiwasi wako mwingine uweke pembeni.

MstaafuVisima

Marahaba. Swali lako ni la haki.

Huko kwao mtu aliye peke yake mlimani ni jambo la kawaida, ndiyo maana hakuna anayemsemesha. Kwetu mtu aliye peke yake porini ama amepotea, ama amefiwa, ama ana lake jambo, na kila atakayekuona atataka kujua ni lipi. Ukikwepa kuongea utaongeleshwa zaidi. Ukiwa na mwenyeji, yeye ndiye anajibu, wewe unapita na ukimya wako. Mimi nilikuwa natembea na kibarua mmoja wa Mkunya, tunamaliza bonde zima hatujasemezana, na jioni tunaagana tumeridhika wote wawili.

Kama bado unataka upweke halisi, nakupa njia nyingine. Usishuke kabisa bondeni mwezi wa pili. Tembea juu, kufuata ukingo, kutoka Shimo la Mungu kuelekea mashariki kwa njia za mashambani, bonde likiwa mkono wako wa kulia. Katika masika huwa kuna siku kadhaa za ukavu, mwisho wa Januari au mwanzoni mwa Februari, mvua inapumzika kabla ya kurudi kwa nguvu. Zikikuangukia hizo, mchanga umekauka, hewa ni safi kwa kuwa hakuna moto wala vumbi, unaona mpaka milima ya upande wa pili. Watu wako mashambani wanapalilia, wameinama, watakuitikia salamu na kuendelea. Matope hutayapata hata ya kuchafulia soksi, hilo nakuahidi. Maji bado ni lita nne. Chakula beba muhogo wa kuchoma na korosho zako za kukaanga, maduka ni ya mbalimbali.

Bonde liache mpaka Juni. Mbuga imeanza kukauka, njia zinapitika, mahindi yameshavunwa kwa hiyo tembo hawana cha kufuata mashambani, na juu Newala kuna baridi ya kuvalia hilo koti lako. Hapo ukitaka kupanda ukingo jioni, panda.

MtuWaMikindani

Basi mwezi wa pili nafuata ukingo, na bonde naliombea ruhusa ya Juni kazini. Binti Kitangari, kuna gesti ya kawaida karibu na upande wa Shimo la Mungu, au nilale stendi?

BintiKitangari

Lala stendi, kuna chakula mpaka usiku. Asubuhi ni mwendo mfupi tu kwa miguu. Na uulize kwanza kama siku hiyo bomba linatoa maji, kabla hujalipa chumba.

BodaStendiNewala

Yanatoka Jumanne na Ijumaa upande wetu huu. Siku nyingine wanakupa ndoo moja.